Fumbua Macho, Mayu

Mama yangu aliishi kwangu Igogo karibu mwaka mzima bila kunitazama usoni. Aliangalia miguu. Wote alitujua kwa miguu: mimi kwa mabuti yangu ya mpira ya kiwandani, binti yangu kwa soksi za mtumba, wapangaji wenzetu kwa ndala zao zilizolika upande. Ukimwita aliitika vizuri, chakula alikula, vyombo alisuuza, lakini uso hakuinua na usingizi hakuupata. Aliegemea ukuta pale kitandani, macho kayafumba kwa nguvu, mikono imeshikana. Jamani, kufumba macho siyo kulala. Mtu aliyelala uso wake hulegea, wa mama ulikuwa umekazwa kama ngumi.

Niseme mapema kwamba mimi si mpole. Wenzangu kiwandani walikuwa wakisema ulimi wangu unakata kuliko kisu nilichopewa, na nilipewa kisu kikali, maana kazi yangu ilikuwa kutoa minofu ya sangara. Ilikuwa miaka ya tisini, soko huria limeingia kwa kishindo. Viwanda vya samaki vilijipanga ufukweni mwa ziwa, minofu inapanda ndege kwenda Ulaya, na sisi tunabaki na mapanki, yaani vichwa na mifupa, ndiyo mboga yetu. Huko Nyakato, kwenye viwanda vya zamani, watu waliokuwa na ajira za kudumu walikuwa wamerudishwa majumbani. Mume wangu alikuwa kwenye machimbo ya dhahabu, na kila akirudi alileta vumbi na ahadi. Kwa hiyo nyumba ilikuwa ya wanawake watatu: mama, mimi, na mtoto aliyekuwa ndiyo kwanza anaanza kusimama dede.

Asiyetoka upande wetu hawezi kuelewa habari ya macho nisipomweleza. Usukumani kwetu miti imekwisha zamani. Mama alipika kwa mavi makavu ya ng'ombe tangu alipoolewa, katika jiko lisilo na dirisha, na moshi ule hauna huruma. Macho ya wanawake wa rika lake yote yalikuwa mekundu. Lakini mtu akifiwa na mtoto, au ng'ombe wake wakianguka mmoja baada ya mwingine, haendi kuuliza habari za moshi. Anakwenda kwa mganga, na mganga anamwambia aliyekufanyia hivi ni mwanamke, ni mzee, yuko jirani, ana macho mekundu. Hapo kazi imekwisha. Alfajiri moja, kabla hakujapambazuka, wanaume wenye mapanga wakaja kwa mama yangu.

Alinusurika kwa sababu mwanamke wa boma la pili alikuwa ameamka kukamua, akapiga yowe, wakakimbia. Mama alibaki na kovu linaloanzia sikioni hadi begani, na mkono wa kulia uliopungua vidole. Polisi wakaja, wakauliza, wakaondoka. Hakuna aliyeona mtu. Hata mama mwenyewe alisema hakuona, alikuwa amefumba macho. Nikaenda kumchukua hospitalini, na nilipotaka kumkumbatia pale wodini akageukia ukutani.

Kilichoniumiza zaidi kilikuwa mtoto. Mama hakutaka kumshika mjukuu wake wala kumtazama. Binti yangu alikuwa akitambaa hadi magotini pake, anavuta khanga, anacheka, na mama anageuza uso haraka. "Mwondoe," ananiambia. "Akiugua je?"

"Akiugua nitampeleka zahanati!"

"Watasema ni mimi."

"Nani atasema? Hapa ni mjini, mama!"

Ah, wapi. Siku hiyo hiyo nikiwa bombani nikamsikia mpangaji mmoja akimnong'oneza mwenzake kwamba yule bibi wa chumba cha mwisho haangalii watu kwa sababu anajua anachoficha. Nilimjibu maneno ambayo siwezi kuyaandika humu, na ndoo yake ya maji sitaki hata kuizungumzia. Lakini niliporudi chumbani nilikaa chini nikalia. Mama alikuwa anakwisha. Nguo zilimpwaya, miguu ilianza kuvimba kwa kukosa kulala. Nilitaka kitu kimoja tu duniani: mama alale, na ainue uso wake amwone mjukuu wake, kabla hatujamzika.

Muuguzi aliyekuwa akimsafisha kidonda ndiye aliyenielekeza Butimba. Alisema kwenye chumba cha nyuma cha zahanati moja ya misheni kuna mama mmoja mshauri, naye ni muuguzi, aliyekuwa kwenye makambi ya wakimbizi kule Ngara. Huko alifundishwa na madaktari wageni tiba ya watu walioona mauaji. Mgonjwa anakumbuka lile jambo baya huku macho yake yanafuata mkono unaokwenda kushoto na kulia, kushoto na kulia, mpaka jambo lenyewe linapungua nguvu.

"Yaani anatibu kwa kupunga mkono?" nikamuuliza. "Si hata mimi nitampungia!"

Muuguzi hakucheka. Akaniambia niende tu, na mfa maji haachi kutapatapa, nikaenda.

Yule mshauri alikuwa Mjita wa pande za Mara, mnene, mwenye sauti ya chini. Alituweka kwenye viti, akaanza kutueleza, nami nikatafsiri, maana Kiswahili cha mama kilikuwa cha kununulia chumvi tu. Alisema mambo mengi yanayotupata akili inayasaga kama tumbo linavyosaga chakula, tukilala yanazidi kusagika, na baada ya muda tunayasimulia bila kutetemeka. Lakini jambo la kutisha mno linaweza kukwama zima zima, kama mfupa wa samaki kooni. Kila ukimeza linachoma upya. Mwili unadhani bado ni siku ile ile. Macho yakienda huku na huku wakati mtu anakumbuka, akili inapata njia ya kulimeza.

"Kwa nini inakuwa hivyo?" nikauliza.

"Hata walionifundisha wanabishana," akasema. "Mimi nimeona tu watu wakilala."

Jibu hilo nililipenda. Nimechoka na watu wanaojua kila kitu.

Basi akasogeza kiti chake mbele ya mama, akainua vidole viwili, akasema kwa upole, "Fumbua macho, mama." Na mimi nikatafsiri kwa Kisukuma, ambako mama ni mayu: "Fumbua macho, mayu."

Kiti kilianguka. Sikumwona hata alivyopita. Nilimkuta nje ameshika nguzo ya uzio, anatetemeka, na mkojo umemtiririka miguuni, mama yangu, mwanamke aliyekuwa hawezi kuvuka uwanja bila kujitanda khanga ya pili. Hasira zilinipanda, nikarudi ndani kumwaga yangu. Nilimwambia yule Mjita kwamba wakimbizi wake aliwatibu kwa bahati. Hakujitetea.

"Kuna mahali nimemgusa pabaya," akasema. "Sijui ni wapi. Mwambie sitamwangalia tena machoni mpaka atakapotaka yeye. Na mrudishe."

Nilijua mama hatakubali kurudi. Lakini siku chache baadaye aliniomba nimtafutie kifaranga. Nikashangaa, kifaranga cha nini? Akasema cha kwenda nacho kwa yule mwanamke wa Butimba.

Kwetu mtu anayekwenda kupiga ramli hubeba kifaranga, amekitemea mate mdomoni ili kipokee habari zake, na mganga hukipasua na kusoma ndani. Mama alikuwa ameelewa mambo kwa namna yake. Yule mwanamke alitaka kuyachunguza macho yake kama ana uchawi, na macho yangemponza. Bora achunguze kuku. "Kuku hadanganyi," akaniambia huku akitazama miguu yangu. "Akisema sina, na mimi nitajua kwamba sina."

Loh! Maneno yale yaliniingia kama maji ya baridi. Kumbe mwaka mzima mama yangu hakuogopa tu wauaji. Alikuwa akijiuliza kama walikuwa sahihi.

Nilikinunua kifaranga. Mshauri alikipokea kwa mikono miwili, na mimi nikamtafsiria maneno ya mama. Akakiweka ndani ya boksi la dawa lililokuwa tupu, akakitupia chenga za mahindi.

"Sitamchinja," akasema. "Mwambie mama yako hapa hakuna kesi. Hakuna mtu anayeshtakiwa katika chumba hiki."

Nilipomaliza kutafsiri mama alilia. Ilikuwa mara ya kwanza tangu nimtoe wodini. Alilia kwa sauti, bila kujizuia, na kifaranga kikilia naye kwenye boksi, mpaka mimi na yule Mjita tukajikuta tunacheka na kufuta machozi kwa wakati mmoja.

Kuanzia siku hiyo walikaa ubavu kwa ubavu wakitazama ukuta, kama watu wanaosubiri meli. Mshauri alisema macho si njia pekee. Alimgonga mama magotini kwa vidole, goti la kushoto, la kulia, la kushoto, polepole, na mama akiwa ameinamisha kichwa. Kwanza hakumuuliza lolote baya. Alimtaka atafute mahali ambapo aliwahi kukaa kwa raha. Mama alichagua jiwe kubwa bapa la nyuma ya boma letu, tulipokuwa tukianika udaga, jua la asubuhi likiwa juu ya mihogo myeupe. Walikaa juu ya jiwe hilo majumamosi kadhaa, huku magoti ya mama yakigongwa. Mimi nikawaza, haya, nimeacha zamu yangu kwa ajili ya mihogo.

Kisha wakaanza kwenda kule kwenyewe, kidogo kidogo. Mshauri alikuwa na namna yake ya kupima hofu. "Maji yamekufika wapi?" anauliza. Mama anaonyesha kwa mkono: puani. Wanagonga. "Vuta pumzi. Nini kimekuja?" Mama anasema neno moja, mbwa, au mlango, na mimi natafsiri. "Nenda na hicho." Wanagonga tena. Maji yakizidi, wanarudi kwenye jiwe la udaga na kupumzika. Hakumlazimisha hata siku moja. Wakati mwingine maji yalishuka kifuani, wiki iliyofuata yakapanda tena.

Kuna jambo la kutafsiri ambalo sikulijua kabla. Mama akisema "naogopa", huwezi kusema "anasema anaogopa" kila mara, ulimi unachoka. Nikaanza kusema "naogopa". Nikawa nasema mimi, mimi, mimi, mpaka mlango wa mama ukawa wangu.

Ndivyo ilivyokuwa Jumamosi ile. Mvua ilikuwa imekatika, na harufu ya ziwa imeingia dirishani. Magoti yanagongwa. Mama anasema kwa Kisukuma, na mimi kwa Kiswahili: "Wananimulika kwa tochi. Mwanga uko usoni. Nimefumba macho. Mmoja ananishika kidevu. Anasema..." Nikasimama hapo. Mama alikuwa ameshasema, na mimi nimesikia, lakini mdomo wangu ulikataa.

"Anasema nini?" mshauri akauliza.

"Anasema, fumbua macho, mayu, tuyaone."

Maneno yangu mwenyewe. Sauti yangu, lugha yangu, kwenye kiti kile kile, siku ya kwanza. Yule Mjita aliduwaa, akaweka mkono mdomoni, lakini mkono wa pili haukuacha kugonga. Mama hakuwa na habari nasi. Alikuwa mbele zaidi.

"Sauti hii naijua," akasema.

Akamtaja. Hapa simtaji, ila nitasema ni nani. Ni mtoto wa jirani tuliyepakana naye mashamba. Mama alikuwa mkunga wa kijiji, na mtu yule alizaliwa mikononi mwake, kichwa chake kilishikwa na mikono ile ile aliyokuja kuikata. Mtoto wa mtu huyo, ambaye naye alizaliwa mikononi mwa mama, alikuwa amekufa kwa surua mwaka ule. Kikulacho ki nguoni mwako, wahenga hawakukosea. Nilisimama. Nilikuwa naijua bei ya nauli ya kwenda kwetu na nilikuwa najua kisu changu kilipo.

"Kaa," yule Mjita akaniambia, bila kupandisha sauti. "Hajamaliza. Tafsiri."

Nikakaa. Magoti yakagongwa. Vuta pumzi, nini kimekuja? Tena. Nini kimekuja? Mama alikuwa anatoka jasho, midomo inacheza. Halafu mabega yake yakashuka, nikaona kabisa yakishuka.

"Sikuyafumbua," akasema. "Walitaka kuyaona, wakakata bila kuyaona."

"Nenda na hilo."

"Hawakuona kitu. Hakukuwa na kitu cha kuona." Akajipangusa kope. "Macho yangu ni ya moshi. Ni moshi tu. Nimepika maisha yangu yote."

Natafsiri huku nalia, sioni haya kusema. Na hapo, bila kuombwa na mtu, mama akainua kichwa. Mshauri alikuwa amekwisha kuacha magoti. Aliinua vidole viwili hewani, mbali, pembeni, akavipeleka taratibu upande huu na upande ule, na macho ya mama yakavifuata. Macho yake mekundu, yenye maji, yamefumbuka kabisa, yakaenda na kurudi. Maji yamefika wapi? Mama akainama akajigusa kifundo cha mguu. Kisha akamtazama yule mwanamke kwa mara ya kwanza, akamwambia, "Mkono wako una kovu. Uliungua na nini?"

"Mafuta ya samaki," yule Mjita akajibu. "Nilikuwa msichana."

"Pole," mama akasema.

Kesho yake, Jumapili mchana, redio za wapangaji zinapiga kelele zote kwa pamoja, nilimkuta mama amejinyoosha kwenye mkeka, mdomo wazi. Nilidhani amekufa. Nikainama kuweka mkono puani pake, akakoroma. Weee! Nilitoka nje nikawatukana wapangaji wazime redio zao, na nikawaambia mama yangu amelala, nikarudia, amelala, kama mtu anayetangaza harusi.

Mtoto ndiye aliyemwamsha. Alitambaa hadi kwenye uso wa bibi yake, akamshika pua. Mama akafumbua macho, wakatazamana kwa karibu sana. Nikashika fremu ya mlango nisije nikapiga kelele. "Kumbe ana kidoti juu ya mdomo," mama akasema. Mwaka mzima katika chumba kimoja, na hakuwa anajua. Akamketisha kifuani pake, akaanza kumkagua vidole.

Ningependa kusema tulipona wote siku hiyo. Hapana. Mama alipoanza kulala, mimi nikaacha. Nikifumba macho, mwanga wa tochi uko usoni. Kiwandani nikajikata mara mbili katika wiki moja. Yule Mjita aliponiona tu alijua. Akasema anayetafsiri naye anabeba, akaniketisha kwenye kiti cha mama, nami nikafuata vidole vyake. Naweza kusema inavyokuwa kwa ndani. Unaona ujinga. Unajiuliza huyu mama anacheza nini. Kisha kitu kinapanda chenyewe, mwili unaungua, unataka kukimbia, lakini macho yana kazi, yanakwenda, na kile kitu hakiwezi kukushika chote kwa sababu sehemu yako iko pale chumbani na vidole vya mtu mnene. Baada ya mara nyingi nikaona tochi ile ikiwa mbali, na nyuma yake alfajiri inakucha. Usingizi ulirudi. Hasira haikuondoka. Nikamlalamikia, akaniambia hakuwahi kuniahidi habari za hasira.

Mwaka uliofuata shemeji yake mama akafariki huko kijijini. Nilisema hatuendi. Mama akasema yeye anakwenda, na mimi nikitaka nibaki na samaki wangu. Tulikwenda.

Yule mtoto wa jirani alikuwepo. Alikuwa anapasua kuni za msiba, nilimtambua kwa mgongo. Nilimshika mama mkono ili tupite upande wa pili, akanitoa mkono. Watu walikuwa wamekwisha kutuona, na mazungumzo yalipungua, moja moja, mpaka ikabaki sauti ya shoka peke yake. Nayo ikanyamaza. Kuwapita wazee bila kuwaamkia msibani haiwezekani, kila mtu anatazama, kwa hiyo aliweka shoka chini, akaja katika mstari wetu akipeana mikono na mmoja mmoja. Alipofika kwa mama akainama, akaushika mkono ule wa vidole vitatu.

"Shikamoo, mama."

Mama akainua uso. Akamtazama. Sijawahi kuona mtu akitazamwa hivyo, bila haraka, kama mkunga anavyomkagua mtoto aliyemtoa sasa hivi. Yule mtu alikuwa amekonda, mashavu yamebonyea, kope zimevimba. Alijaribu kutazama chini, na mkono wa mama haukumwachia. Mimi nilikuwa nasubiri amtaje. Neno moja tu lingetosha pale, na najua umati wa kwetu unafanya nini na neno moja. Nilitaka alitamke. Mungu anisamehe, nililitaka kuliko chakula.

"Hulali," mama akamwambia kwa Kisukuma, taratibu.

"Silali, mayu," akasema, na machozi yakaanza kumtoka mbele za watu, mwanaume mzima.

"Mimi nalala," mama akamwambia, akauchomoa mkono wake, akaenda kukaa na wanawake wenzake.